Ngumi Ikiwa Hewani

Mwaka 1838 Louis Daguerre aliweka kamera kwenye dirisha la ghorofani mjini Paris, akaielekeza kwenye barabara ya Boulevard du Temple, akaiacha ikitazama kwa dakika kadhaa. Barabara ile haikuwa kimya. Kulikuwa na magari ya farasi, wapita njia, watu wa biashara. Ukitaka kuipata akilini, fikiria Kariakoo, kisha uondoe honi. Lakini picha ilipokamilika barabara ilikuwa tupu. Majengo yapo, miti ipo, madirisha yanahesabika moja moja, ila watu hakuna. Isipokuwa chini, upande wa kushoto, kuna mwanamume amesimama, mguu mmoja ameuinua, anapigwa kiwi viatu vyake.

Samuel Morse, Mmarekani ambaye wengi tunamjua kwa telegrafu, aliiona picha hiyo Paris mwezi Machi 1839, akamwandikia ndugu yake barua ambayo ilichapishwa gazetini New York. Alieleza kwamba kilichokuwa kinatembea hakikuacha alama. Umati mzima ulipita mbele ya lenzi na ukafutika. Yule bwana alibaki kwa sababu alisimama.

Anatajwa sana kama mmoja wa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha, na ni haki yake. Mimi huwa namtazama zaidi yule aliyeinama mbele yake. Mpiga kiwi naye yupo, lakini yeye ni doa. Mabega na mikono yake ilikuwa inakwenda na kurudi, kama inavyotakiwa katika kazi ile. Mteja aliweza kusimama kwa sababu kuna mtu alikuwa anamhudumia, na huyo anayehudumia ndiye aliyefifia.

Nina sababu ya kulitazama doa hilo. Napiga picha za ngumi hapa Dar es Salaam, na ngumi ni kazi ya mikono inayokwenda na kurudi. Konde la bondia mzuri husafiri kwa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Ukiweka shata, yaani kile kipazia cha ndani ya kamera, ifunguke kwa 1/60 ya sekunde, glovu itakuwa imesogea sentimita 16 hivi kabla shata haijafunga. Kwenye picha utapata bondia mwenye uso, kifua na bukta, na mahali pa mkono pana moshi. Ukiweka 1/1000, glovu inasogea sentimita moja tu, na hapo unaona hadi mshono wake. Tatizo ni kwamba muda uliouondoa umeondoka na mwanga. Kutoka 1/60 hadi 1/1000 unabaki na fungu moja la mwanga katika kumi na saba. Mengine yote tunayofundishana, kufungua tundu la lenzi, kupandisha ISO, kununua lenzi ya bei ya pikipiki, ni namna za kurudisha mafungu hayo kumi na sita.

Wapiga picha wa miaka ya 1840 hawakuwa na pa kuyarudisha, kwa hiyo walimshughulikia mtu. Studio zilikuwa na kiegemeo cha chuma kinachosimama nyuma ya mteja na kumshika kisogo asitikisike. Watu wa picha hizo wanaonekana wamenuna. Jaribu wewe kutabasamu huku umeshikwa kisogo na chuma, uone tabasamu litadumu sekunde ngapi. Watoto wadogo hawakukubali chuma. Ikazuka desturi ambayo leo inatisha kidogo: mama alikaa kwenye kiti, akafunikwa shuka au pazia mwili mzima, kisha mtoto akapakatwa juu yake. Mtoto akatulia, akatoka safi. Mama akawa samani. Picha za namna hiyo ziko nyingi, na ukishaigundua moja huwezi tena kutoziona nyingine: kiti kina mabega, pazia lina magoti.

Mambo yalianza kubadilika kwa ujanja kabla ya kubadilika kwa kemikali. Mwaka 1859 Edward Anthony alipiga picha za barabara ya Broadway, New York, zilizouzwa kama picha za papo hapo, na ndani yake watu wanatembea kweli. Alitumia kamera ndogo ya picha pacha, ambayo lenzi yake fupi huruhusu mwanga mwingi. Alipiga kutoka juu na kwa mbali, kwa hiyo hatua ya mtu ilikuwa nywele tu kwenye kioo. Na aliielekeza kamera kwa urefu wa barabara, watu wakija au wakienda zao. Anayekujia hasogei sana ndani ya fremu. Anayekukatiza mbele ndiye anayetoka kama mstari. Kanuni hiyo haijazeeka. Ndiyo maana nikipata nafasi nakaa kwenye kona ambayo bondia anarusha kuelekea kwangu.

Aliyezitumia picha hizo vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, hakuwa mpiga picha. Oliver Wendell Holmes alikuwa daktari na mwandishi wa Boston. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vinarudisha nyumbani vijana waliokatwa miguu, na mtoto wake mwenyewe alikuwa askari aliyekwisha kujeruhiwa. Mafundi walikuwa wanatengeneza miguu ya bandia, lakini hakuna aliyejua hasa mguu hufanya nini wakati wa kutembea, kwa sababu jicho haliwahi. Holmes alichukua lenzi ya kukuzia, akakaa na picha za papo hapo za mitaani, akatazama watu mmoja mmoja: kisigino kinafika chini kwanza, vidole vikiwa juu, mguu wa nyuma unasimama karibu wima kabla haujaondoka. Akaona mikao ambayo hakuna mchoraji ambaye angethubutu kuichora. Aliandika makala juu ya hayo katika The Atlantic Monthly la Mei 1863. Raia wa Broadway waliokwenda zao sokoni wakawa walimu wa kutembea kwa watu wasiowajua.

Njia ya pili ya kuzuia mtikisiko ilikuwa imeshapatikana London, ila haikuwa na pa kutumika. Mwaka 1851, katika Royal Institution, William Henry Fox Talbot alibandika kipande cha gazeti la The Times kwenye gurudumu, akalizungusha kwa kasi, akazima mwanga chumbani na kuifungua kamera. Kisha akalipua cheche moja ya umeme. Maandishi yakasomeka. Jaribio hilo lina siri ambayo wapiga picha wengi chipukizi huchelewa kuielewa: chumba kikiwa giza, muda wa picha unaamuliwa na urefu wa cheche, shata hata ikikaa wazi. Mwenye cheche fupi kuliko zote ndiye mwenye picha kali kuliko zote. Nitairudia cheche hiyo, maana ilichukua zaidi ya miaka 80 kufika ulingoni.

Watu wengi wakisikia kusimamisha mwendo humkumbuka Eadweard Muybridge na farasi wake. Juni 1878, kwenye shamba la Leland Stanford huko Palo Alto, California, alipanga kamera 12 kwa mstari, akatandaza nyuzi kukatisha njia, na farasi aliyekimbia akawa anajipiga picha mwenyewe kwa kukata nyuzi. Ilithibitika kwamba kuna wakati kwato zote nne huwa hewani, na huwa zimekusanyika chini ya tumbo, si kunyooshwa kama kwenye michoro ya zamani. Yanayosimuliwa kidogo ni kuhusu mwanga. Njia ilimwagiwa chokaa, na upande wa pili likawekwa turubai jeupe, ili jua la California lirudi kwenye lenzi kutoka kila upande. Hata hivyo, mwanga haukutosha. Farasi na mpandaji wake walitoka kama vivuli vyeusi. Tulijua miguu ilikuwa wapi. Uso wa mpandaji hatukuuona.

Miaka michache baadaye yakaja mabamba makavu ya jelatini, yenye wepesi mkubwa kuliko kolodioni mbichi, na Muybridge akahamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, alikofanya kazi kuanzia 1884. Sasa aliwageukia binadamu: wanaoruka, wanaopanda ngazi, wanaorusha mpira, wanaomwaga maji. Mkusanyo uliotoka 1887 una mabamba 781. Na humo ndimo nilimokutana na bondia.

Anaitwa Ben Bailey. Alipigwa picha mwaka 1885, na ndiye mtu pekee mwenye asili ya Afrika kati ya wote waliosimama mbele ya kamera hizo. Yuko uchi, kama walivyokuwa wengi wa wenzake, anarusha ngumi ya kulia. Ukizifuata fremu moja baada ya nyingine unaona mambo ambayo mwalimu yeyote wa ngumi Manzese angeyatambua: uzito unahama kutoka mguu wa nyuma, nyonga inatangulia, bega linafuata, mkono ndio wa mwisho. Ni ngumi safi. Nimeitazama mara nyingi kuliko ngumi yoyote niliyopiga mwenyewe.

Nyuma yake kuna miraba. Ni nyuzi zilizochorwa kama daftari la hesabu, za kupimia mwili. Mwanahistoria Elspeth Brown, aliyeyachunguza mabamba hayo, ameonyesha kwamba wavu huo wa vipimo ulianza kutumika siku ya Bailey. Baadaye ulitumiwa kwa wote, weupe kwa weusi, na leo unaonekana kama pambo tu la sayansi ya zamani. Lakini wavu wa namna hiyo ulikuwa na historia: wataalamu wa enzi hizo walikuwa wanausimamisha nyuma ya watu wa makoloni ili kuwapima na kuwapanga kwa daraja. Katika maelezo yaliyochapishwa kwa wanunuzi, Bailey alitajwa kwa rangi yake na kwamba anapigana kwa malipo. Jina limetufikia kupitia kumbukumbu za kazi, si kupitia kitabu.

Wakati huohuo, Paris, Étienne-Jules Marey alikuwa anafuata njia yake. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyopiga picha 12 kwa sekunde, kila moja kwa 1/720 ya sekunde. Kisha akagundua kwamba mwili mzima unamsumbua, maana fremu zinapandana na kuchafuana. Akamvalisha mtu nguo nyeusi kutoka kichwani hadi miguuni, akambandika mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akamkimbiza mbele ya ukuta mweusi. Picha iliyotoka ni mistari tu inayokunjuka kama upepo wa feni. Ni nzuri mno, na waigizaji wa filamu za leo wanaovaa nguo zenye vitone ili kompyuta ifuate mwendo wao ni wajukuu zake. Mtu mwenyewe hayumo.

Mashine za Marey zilipofika mikononi mwa Félix-Louis Regnault, zilielekezwa kwa Waafrika. Mwaka 1895 kulikuwa na maonyesho Paris, kwenye Champ de Mars, ambapo watu wa Afrika Magharibi waliwekwa waishi hadharani ili wenyeji walipie kiingilio na kuwatazama. Regnault aliwapiga picha za mfululizo wakitembea, wakikimbia, wakichuchumaa, na mwanamke mmoja Mwolof akifinyanga chungu. Alitaka kulinganisha mataifa kwa mwendo wao. Kichekesho ni kwamba mwendo wa kukunja magoti ulimvutia kiasi cha kuupigia debe kwa ajili ya jeshi la Ufaransa. Msomi Fatimah Tobing Rony ameandika kwa kina juu ya picha hizi, na baada ya kumsoma sijaweza kuzitazama kwa jicho la ufundi peke yake. Maana kwa ufundi hazina kasoro. Mikono ya mfinyanzi haina mtikisiko hata kidogo. Unaweza kujifunza kufinyanga kwa kuitazama. Vitabuni bado anaitwa “mwanamke Mwolof”.

Nikamkumbuka mpiga kiwi. Yeye alifutika kwa sababu mwanga haukutosha kumsimamisha. Huyu alisimamishwa, akapimwa, akahifadhiwa vizuri, na bado hatujui aliitwa nani na mama yake. Kabla ya hapo nilikuwa nadhani picha kali ni heshima inayojitosheleza.

Sasa ile cheche. Miaka ya 1930, katika chuo cha MIT, Harold Edgerton aliifanya cheche ya Talbot kuwa chombo cha kazi: taa ya gesi inayowaka kwa muda mfupi sana, tena na tena, kwa nguvu ya kuaminika. Risasi ikasimama katikati ya tufaha. Wapiga picha wa michezo wakaelewa haraka kwamba wakizitundika taa hizo juu ya ulingo, hawahitaji tena kuomba mwanga wa ukumbi.

Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston, jimbo la Maine, Neil Leifer alikuwa na miaka 22 na amekaa upande mmoja wa ulingo. Juu ya ulingo zilikuwa zimetundikwa taa za namna hiyo. Zina nguvu, lakini zikishawaka zinahitaji muda zijae tena, kwa hiyo huwezi kupiga mfululizo kama tunavyofanya sasa. Unapiga moja, unasubiri, na kinachotokea katikati umekikosa. Katika raundi ya kwanza Sonny Liston alianguka. Muhammad Ali akasimama juu yake, mkono wa kulia umekunjwa kifuani, mdomo wazi, anamfokea ainuke. Leifer alipiga hapohapo. Kila kitu kimesimama: msuli wa bega, jasho, uzi wa bukta. Kati ya miguu ya Ali anaonekana mpiga picha mwingine, Herb Scharfman, mzoefu kuliko Leifer, amekaa upande ambao Ali amempa mgongo. Leifer mwenyewe amesema mara nyingi kwamba bahati ya kiti ilikuwa nusu ya kazi.

Ila picha hiyo, ambayo huenda ndiyo maarufu kuliko zote za ngumi, haina ngumi. Konde lililomwangusha Liston lilikuwa fupi na la haraka kiasi kwamba watu waliokaa karibu walisema hawakuliona, na ubishi kama lilimpata sawasawa unaendelea hadi leo. Taa zile zote zilitupatia kilichofuata baada yake.

Kwetu hakuna taa za kutundika, na ringini haturuhusiwi kuwasha flashi machoni mwa bondia, jambo ambalo ni sahihi. Tunategemea taa za ukumbi. Hapo pana jambo ambalo halionekani kwenye runinga. Usiku wa ngumi huanza mapema, na mapambano ya utangulizi, ya vijana wa raundi nne, huchezwa viti vikiwa vitupu na taa zikiwa nusu. Taa kubwa huwashwa matangazo ya moja kwa moja yanapoanza. Bingwa akipanda nafanya kazi kwa 1/1000 bila wasiwasi. Kijana wa pambano la pili nampiga kwa 1/320, ISO 12800, picha imejaa chenga kama uji wa ulezi, na mkono wake bado ni moshi.

Ngozi nayo ina sehemu yake. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo zaidi, na kwa miongo mingi filamu za rangi na maabara zilipangwa kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameieleza historia hiyo. Sensa za sasa ni bora mno kuliko filamu ile, lakini hesabu ya mwanga iko palepale: katika ukumbi wa nusu taa, mtu mweusi anahitaji shata ikae wazi zaidi, na ikikaa wazi anatikisika.

Zipo mbinu. Naotea mwisho wa ngumi, pale mkono umenyooka wote na haujaanza kurudi. Hapo kwa nukta ndogo husimama wenyewe, na 1/320 inatosha. Naisikiliza pumzi ya bondia, kwa kuwa wengi hupumua kwa sauti wanaporusha. Lakini mbinu hizo hunipa ngumi zinazofika. Zinazokosa, zinazokatizwa katikati, zile za kijana aliyechoka raundi ya nne, hazina kituo.

“Kaka, mkono wangu uko wapi?” mmoja aliniuliza mlangoni, ameinamia kioo cha kamera, bado ana bandeji mikononi.

“Ulikuwa unakwenda.”

Akacheka, akasema nimrushie WhatsApp hivyohivyo.

Hifadhi yangu ya miaka sita imekaa hivi: mabingwa wana mikono, vijana hawana. Atakayeifungua baada ya miaka 40 anaweza kuamini kwamba usiku wa ngumi Dar ulikuwa na watu wanne tu. Siwezi kuongeza taa za ukumbi. Ninachofanya ni kwamba kabla ya pambano la kwanza napita chumba cha kubadilishia nguo na daftari. Naandika jina kamili la kila kijana, kama analoitwa nyumbani ni tofauti naliandika pia, uzito, gym anayotoka, anacheza na nani. Usiku nikifika nyumbani nayaingiza maelezo hayo ndani ya kila faili, hata la picha ambayo haina cha kuona zaidi ya bukta nyekundu na moshi. Inachukua kama saa mbili.